Kaunta ya Bunduki: Muuzaji Mwenye Leseni Anaweza Kuzuia Nini?

Kila yanapotokea mauaji ya watu wengi kwa bunduki huko Marekani, kauli mbili hutangazwa karibu siku hiyo hiyo. Moja husema silaha ilinunuliwa dukani, kihalali, kwa muuzaji mwenye leseni. Nyingine, inayotoka kwa watetezi wa biashara ya bunduki, husema wahalifu hawanunui silaha madukani, kwa hiyo kuwabana wauzaji ni kuwaonea wasio na kosa. Msikilizaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, na hata ndugu yake aliyehamia Columbus au Minneapolis, hubaki njia panda. Kila kauli ina ushahidi wake. Huko Uvalde, Texas, Mei 2022, kijana aliyeua watoto 19 na walimu wawili alikuwa amenunua bunduki zake kwa muuzaji mwenye leseni, muda mfupi tu baada ya kutimiza miaka 18, na sheria ilimruhusu. Lakini ukiwauliza wafungwa wa Marekani walikopata silaha walizobeba siku ya uhalifu, ni wachache watakaokutajia duka.

Mkanganyiko huu umetokana na namna swali lenyewe linavyoulizwa. Watu hubishana kama muuzaji ana hatia au hana. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza hivi: bunduki inaposafiri kutoka kiwandani hadi kwa mtu atakayeua au kujiua, ni wapi muuzaji anaweza kuisimamisha, na ni kitu gani kitamfanya aisimamishe hata pale faida inapomwambia auze?

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuweka akilini tofauti moja tangu mwanzo. Kwetu, mzigo wa ukaguzi umewekwa kwa mnunuzi. Raia hawezi kumiliki bastola bila kibali, ambacho nchini Kenya hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na nchini Tanzania hutolewa chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Dola humhoji mwombaji kabla hajafika kwa muuzaji. Marekani, katika majimbo mengi, anayehitaji leseni ni muuzaji. Mnunuzi anajaza fomu, rekodi zake zinaangaliwa, analipa, anaondoka. Mtu pekee anayemtazama usoni kabla ya kumkabidhi silaha ni mfanyabiashara ambaye riziki yake inategemea kuiuza.

Leseni ya leo ilivyozaliwa

Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald alimuua Rais John F. Kennedy kwa bunduki aliyoiagiza kwa posta kutoka duka la Chicago, akitumia jina la uongo. Hakuna aliyemwona akinunua, hakuna aliyemuuliza kitu. Bunge lilisuasua miaka mitano. Ni baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968 ndipo ilipopitishwa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Oktoba mwaka huo. Sheria hiyo ilizuia raia kuagiza bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, ikamtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni ya serikali kuu, atunze kumbukumbu za mauzo, na asiwauzie watu wa makundi yaliyokatazwa, wakiwemo waliopatikana na makosa makubwa ya jinai.

Wazo lilikuwa zuri, lakini leseni ilitolewa kama njugu. Ada ilikuwa dola 10 kwa mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa na wenye leseni zaidi ya 250,000, wengi wao wakiwa hawana duka na wakiuzia nyumbani kwao. Mwaka 1993 na 1994 masharti yalikazwa: ada ikapanda hadi dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, alama za vidole na picha zikadaiwa, na mwombaji akatakiwa kufuata pia sheria za mji wake. Katika miaka michache idadi ya wenye leseni ilipungua kwa zaidi ya nusu. Waliotaka kununua bunduki waliendelea kununua. Wengi wa walioondoka hawakuwa wafanyabiashara hasa.

Katikati ya hatua hizo mbili kuna sheria ya mwaka 1986 ambayo hutajwa mara chache, ingawa ndiyo inayoeleza udhaifu mwingi wa leo. Iliwazuia wakaguzi wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia biashara ya silaha, kufanya ukaguzi wa kawaida dukani zaidi ya mara moja kwa miezi kumi na miwili bila kibali cha mahakama. Ilikataza kuanzishwa kwa daftari la taifa la wamiliki wa bunduki. Na ilishusha uzito wa kosa la muuzaji anayeandika kumbukumbu za uongo. Watetezi wake walikuwa na hoja: kulikuwa na malalamiko kwamba wakaguzi waliwafungulia mashtaka wauzaji wadogo kwa makosa ya karatasi. Lakini dawa iliyotolewa iliwakinga waaminifu na wasio waaminifu kwa pamoja.

Kinachofanyika dukani

Mnunuzi hujaza fomu namba 4473. Anaulizwa kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, kama yuko chini ya amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani, na kama yeye ndiye mnunuzi halisi wa silaha ile. Kisha muuzaji huwasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua rekodi, ulioanza kazi Novemba 1998 kutokana na Sheria ya Brady ya 1993. Sheria hiyo ilipewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, aliyepigwa risasi kichwani katika jaribio la kumuua rais mwaka 1981. Majibu mengi hurudi katika dakika chache.

Yasiporudi ndani ya siku tatu za kazi, kwa kawaida muuzaji anaruhusiwa kuuza. Kijana aliyeua waumini tisa katika kanisa la Emanuel huko Charleston, Juni 2015, alipata bastola yake kwa njia hiyo. FBI ilikuja kukiri kwamba alipaswa kukataliwa. Hapa pana jambo dogo lenye uzito mkubwa. Sheria humruhusu muuzaji kuuza baada ya siku tatu, haimlazimishi. Walmart, kwa mfano, iliamua kutouza mpaka jibu la wazi lirudi.

Katika matukio mengine muuzaji hakuwa na la kufanya. Muuaji wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007, aliyeua watu 32, alikuwa ameamuliwa na mahakama kuwa ni hatari kwa nafsi yake, lakini taarifa haikufika kwenye mfumo. Kwa muuaji wa kanisa la Sutherland Springs, Texas, mwaka 2017, ni Jeshi la Anga lililoshindwa kupeleka rekodi yake ya hukumu. Muuzaji aliuliza, akajibiwa kwamba mtu huyu hana tatizo. Anayemlaumu kwa vifo hivyo anamtwisha mzigo wa serikali.

“Wahalifu hawaji dukani”

Hoja ya watetezi wa biashara hii ina takwimu imara. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwahoji wafungwa mwaka 2016 na kutoa matokeo mwaka 2019. Kati ya waliokuwa na bunduki wakati wa kosa, asilimia 43 walisema waliipata mtaani au katika soko la magendo. Waliopita madukani na sehemu nyingine za mauzo ya rejareja walikuwa kama asilimia 10, na walionunua kwa muuzaji mwenye leseni kwa majina yao wenyewe asilimia 7. Maonyesho ya bunduki, ambayo husemwa sana kwenye vyombo vya habari, hayakufika hata asilimia moja.

Kutokana na hapo wenye hoja hii husema: kumwongezea muuzaji kanuni ni kumsumbua asiyehusika, huku mhalifu akipita kwingine. Ningewakubalia kama bunduki zingekuwa zinaota mtaani. Ukiacha zile zinazotengenezwa majumbani, karibu kila bunduki iliyoko mikononi mwa raia Marekani iliuzwa mara ya kwanza na mwenye leseni. Takwimu ya wafungwa inaeleza kituo cha mwisho cha safari, haielezi kituo cha kwanza. Mtaani ni mahali bunduki inapofikia baada ya kuvuja mahali fulani.

Inavuja kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni mnunuzi kivuli: mtu mwenye rekodi safi anayenunua kwa jina lake ili amkabidhi aliyekatazwa. Ripoti ya ATF ya mwaka 2000, iliyopitia uchunguzi 1,530 wa magendo ya bunduki, ilikuta wanunuzi kivuli katika karibu nusu ya kesi. Ya pili ni wizi na upotevu wa stoo. Muuzaji anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48 baada ya kugundua, lakini sheria ya serikali kuu haimlazimishi kuweka kamera, makabati ya chuma wala nondo. Ya tatu ni muuzaji mwenyewe anayeuza pembeni bila karatasi. Ya nne iko nje kabisa ya duka: raia anayemuuzia raia mwenzake, jambo ambalo katika majimbo mengi halihitaji ukaguzi wa rekodi. Bunduki tatu kati ya nne zilizotumika katika mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 zilinunuliwa kwenye maonyesho na rafiki wa wauaji aliyekuwa na miaka 18, kwa wauzaji binafsi ambao hawakutakiwa kumkagua.

Njia hiyo ya nne ni muhimu katika kupima haki. Muuzaji mwenye leseni analalamika, na analalamika kwa haki, kwamba yeye anajaza karatasi na kukaguliwa wakati jirani yake anauza bastola bila kuuliza jina. Sheria ya mwaka 2022 iliyopitishwa baada ya Uvalde ilipunguza kidogo pengo hilo kwa kupanua maana ya mtu anayefanya biashara ya bunduki, lakini haikuliziba.

Wachache wanaomwaga

Kama uvujaji ungegawanyika sawa kwa wauzaji wote, kuwabana kungekuwa kazi bure. Haugawanyiki hivyo. Ripoti nyingine ya ATF ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba asilimia 1.2 tu ya wauzaji, yaani 1,020 kati ya takriban 83,200, ndio walikuwa chanzo cha zaidi ya asilimia 57 ya bunduki za uhalifu zilizofuatiliwa hadi kwa wauzaji waliokuwa bado na leseni mwaka 1998. Na katika ule uchunguzi 1,530, kesi zilizowahusu wauzaji wenye leseni hazikufika asilimia 10, lakini ndizo zilizobeba karibu nusu ya bunduki zote zilizoingia kwenye magendo. Mnunuzi kivuli hubeba bunduki chache kwa safari. Muuzaji mmoja mbovu humwaga mamia.

Watetezi hujibu kwamba duka linalouza sana litaonekana sana kwenye ufuatiliaji, na kwamba lililo karibu na mji wenye uhalifu litaonekana zaidi. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu. Namba ya ufuatiliaji peke yake haiwezi kumtia mtu hatiani. Lakini kuna majaribio yaliyotokea yenyewe, na yanasema mengi kuliko mabishano.

Mwaka 1999, duka moja la eneo la Milwaukee lilitangazwa kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya bunduki za uhalifu nchini. Kwa aibu hiyo, mwenye duka aliacha kuuza bastola ndogo za bei nafuu zinazopendwa na wahalifu. Watafiti wakiongozwa na Daniel Webster wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipima matokeo: bunduki mpya zilizotoka duka hilo na kuishia kwenye uhalifu zilipungua kwa asilimia 76, na katika mji mzima bunduki mpya za uhalifu zilipungua kwa asilimia 44. Haikuhitajika sheria mpya wala polisi zaidi. Mfanyabiashara mmoja alibadilisha alichokiweka kwenye rafu, kwa sababu watu walijua jina la duka lake.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha vipengele vinavyojulikana kwa jina la Tiahrt, vilivyoizuia ATF kutoa kwa umma takwimu za ufuatiliaji. Jina la duka lilirudi gizani. Webster na wenzake walirudi Milwaukee wakakuta bunduki za duka lile zilizokuwa zikigeukia uhalifu muda mfupi baada ya kuuzwa zimeongezeka kwa asilimia 203. Utafiti wa duka moja hauwezi kubeba nchi nzima, na hilo lisemwe. Ila mwelekeo wake, kushuka wakati wa mwanga na kupanda wakati wa giza, ni mgumu kuueleza kwa sababu nyingine.

Uangalizi wenyewe ni dhaifu. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria aliripoti mwaka 2013 kwamba zaidi ya asilimia 58 ya wenye leseni hawakuwa wamekaguliwa ndani ya miaka mitano. Kumbukumbu za maduka yaliyofungwa hupelekwa Martinsburg, West Virginia, ambako kituo cha ufuatiliaji hakiruhusiwi kuwa na mfumo wa kutafuta kwa jina la mnunuzi. Polisi wakiokota bunduki, mfanyakazi hupiga simu kiwandani, kiwanda kinamtaja muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla anataja duka, na duka linapekua makaratasi. Serikali ya Joe Biden ilianza mwaka 2021 kuwafutia leseni kwa kosa la kwanza waliovunja kwa makusudi kanuni kubwa, kama kuuza bila ukaguzi au kughushi kumbukumbu, na leseni zilizofutwa ziliongezeka. Serikali ya Donald Trump iliiondoa sera hiyo Aprili 2025, ikisema iliwaadhibu watu kwa makosa madogo ya maandishi.

Pande zote mbili zina la kusikilizwa. Kufutiwa leseni kwa herufi iliyokosewa ni dhulma. Lakini kukosa kujua zilipo bunduki zako mwenyewe si kosa la herufi. Muuaji na mwenzake waliowatia hofu wakazi wa jiji la Washington Oktoba 2002, wakaua watu kumi katika eneo hilo, walitumia bunduki iliyotoka duka la Bull's Eye huko Tacoma. Wakaguzi walipofika, duka lilishindwa kueleza zilipo bunduki zaidi ya 200.

Mahakama, kinga na woga wenye faida

Familia za waliouawa na wadunguaji wale zilishtaki, na mwaka 2004 duka pamoja na kiwanda walikubali kulipa dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata, 2005, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki dhidi ya mashtaka ya madai yanayotokana na uhalifu wa watu wengine.

Hoja ya sheria hiyo inaeleweka: muuza magari hashtakiwi dereva mlevi anapogonga mtu. Bila kinga, miji mikubwa ingeweza kuifilisi biashara halali kwa gharama za mawakili tu. Tatizo ni kwamba hofu ya kushtakiwa ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ambayo wakaguzi wachache hawakuweza. Hata baada ya kinga hiyo, mwaka 2006 Jiji la New York, chini ya Meya Michael Bloomberg, liliwashtaki wauzaji 27 wa majimbo mengine baada ya wapelelezi kujifanya wanunuzi kivuli. Wengi walikubali kuangaliwa. Webster na Jon Vernick walikadiria kwamba uwezekano wa bunduki za wauzaji walioangaliwa kukutwa kwenye uhalifu New York ulipungua kwa takriban asilimia 84.

Kinga ya 2005 ina matundu. Muuzaji anayemkabidhi silaha mtu kwa uzembe, au anayevunja sheria kwa kujua, bado anaweza kushtakiwa. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama huko Milwaukee liliwapa karibu dola milioni 6 polisi wawili waliopigwa risasi kwa bastola iliyouzwa na Badger Guns, duka lililorithi lile la utafiti wa Webster. Mnunuzi alikuja pamoja na kijana aliyekuwa bado chini ya umri wa kununua bastola, kijana ndiye akaichagua bastola, na fomu ikarekebishwa pale pale kwenye kaunta. Kwa upande mwingine, Juni 2025 Mahakama ya Juu iliitupa kwa kauli moja kesi ya Mexico dhidi ya mtengenezaji wa bunduki Smith & Wesson na wenzake, Jaji Elena Kagan akiandika kwamba kujua tu kuwa baadhi ya wauzaji ni wabovu hakutoshi kumfanya mtengenezaji kuwa mshirika wa uhalifu. Kisheria uamuzi ule ni imara. Ila Mexico, nchi yenye maduka mawili tu halali ya bunduki, yote ya jeshi, inaendelea kuzika watu waliouawa kwa silaha zilizonunuliwa Arizona na Texas, na uamuzi ule hauipi msaada wowote.

Vifo visivyotajwa

Mjadala wote hadi hapa unahusu kuuana. Sasa tazama hesabu. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa bunduki Marekani. Waliouawa walikuwa 17,927. Waliojiua walikuwa 27,300. Hawa ndio wengi, na ndio wanaosahaulika kila kauli zile mbili zinapogongana.

Kwa vifo hivi, hoja ya kwamba “hawaji dukani” huanguka yenyewe, maana wengine huja dukani hasa. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1999 na Garen Wintemute na wenzake ulikuta kwamba katika wiki ya kwanza baada ya kununua bastola, kiwango cha wanunuzi kujiua kwa bunduki kilikuwa mara 57 ya kile cha watu kwa ujumla. Hawa hawana rekodi ya kuwazuia kununua. Fomu 4473 haiwakamati, FBI haiwakamati. Anayeweza kuona kwamba mteja hajui bunduki, hajali ni aina gani, hataki risasi zaidi ya chache, na macho yake yamevimba kwa kilio, ni yule aliyesimama mbele yake.

Mwaka 2009 huko New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya wiki moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka, Ralph Demicco, alipoambiwa hakujificha nyuma ya sheria, ingawa hakuwa ameivunja. Alikaa na wataalamu wa afya ya jamii, akiwemo Elaine Frank wa Dartmouth na Cathy Barber wa Harvard, wakatengeneza mwongozo wa wauzaji: dalili za kutazama, maneno ya kumwambia mteja, na ruhusa ya kukataa kuuza. Walipozunguka baadaye bila kutangaza, walikuta karibu nusu ya maduka ya jimbo yamebandika vipeperushi hivyo. Mradi ulienea majimbo mengi, na mwaka 2016 chama cha wafanyabiashara wa bunduki kiliungana na shirika la kuzuia kujiua katika kampeni ya pamoja. Majimbo ya Colorado na Washington yana orodha za maduka yaliyo tayari kuhifadhi bunduki za mtu aliye katika kipindi kigumu.

Udhaifu wa njia hii nao ni wazi. Ni ya hiari, na nusu ya maduka, ambayo hayakubandika kitu, yaliendelea kufunguliwa kila asubuhi. Hakuna utafiti uliokwisha kuonyesha kwa uhakika idadi ya maisha yaliyookolewa. Wauzaji wengine huogopa kuhifadhi bunduki, kwa sababu kumrudishia mwenyewe kunahitaji ukaguzi upya, na kwa sababu wanaogopa lawama iwapo aliyerudishiwa atajiua. Sheria za kusubiri siku kadhaa kabla ya kuchukua silaha zina ushahidi mzito zaidi: uchambuzi wa Michael Luca na wenzake uliotolewa mwaka 2017 ulizihusisha na upungufu wa takriban asilimia 17 wa mauaji ya bunduki, na upungufu wa kujiua pia. Siku hizo humsaidia muuzaji, maana hatakiwi tena kusoma moyo wa mtu kwa dakika kumi.

Bei ya jicho la muuzaji

Kumtaka mfanyabiashara apime wateja kwa macho kuna hatari ambayo wasomaji wetu walioko Marekani wataiona haraka kuliko wengine. Nani ataonekana “wa kutilia shaka”? Mweusi, mhamiaji, mwanamke mwenye lafudhi ngeni. Hukumu ya hisia inaweza kugeuka ubaguzi uliovalishwa nguo za usalama. Ndiyo sababu miongozo mizuri hutaja tabia na hali zinazoonekana, kama mtu mmoja kuchagua na mwingine kulipa, na haitaji sura wala jina.

Kuna hatari ya upande wa pili. Watafiti walipowapigia simu wauzaji 120 katika miji mikubwa 20, wakisema wanataka kumnunulia mpenzi wao bastola kwa kuwa “anaihitaji”, zaidi ya nusu walikuwa tayari kuuza, jambo ambalo ni kinyume cha sheria. Kwa hiyo nia njema haitoshi, na kutojua sheria kumeenea hata kwa wenye leseni.

Na ipo hoja ya wanaosema tunapoteza muda na muuzaji. Apewe leseni mnunuzi, kama kwetu. Ushahidi wa Connecticut, iliyoweka sharti la kibali mwaka 1995, na wa Missouri, iliyoliondoa mwaka 2007 na kuona mauaji ya bunduki yakiongezeka, unawaunga mkono. Kibali humpeleka mnunuzi kwa polisi ana kwa ana, na mnunuzi kivuli huogopa zaidi ofisi ya polisi kuliko kaunta. Naona hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lakini majimbo mengi hayana kibali hicho, na katika majimbo hayo muuzaji ndiye kizuizi pekee kilichopo.

Tulipofika kwenye mizani

Ukiweka yote pamoja, wanaobishana wanazungumzia aina mbili tofauti za vifo kana kwamba ni moja. Magendo yanayolisha mauaji ya mijini hutoka kwa maduka machache yasiyotaka kubadilika kwa kuombwa. Kwa hayo ushirikiano wa hiari umeshindwa, na kilichofanya kazi ni mwanga na woga: majina kujulikana, wakaguzi kufika, kesi kufunguliwa. Vipengele vya Tiahrt na kinga ya 2005 vilidhoofisha vyote viwili ndani ya miaka michache, na hilo naliona kuwa kosa kubwa la sera kuliko mengine katika habari hii yote. Kujiua, ambako ndiko kunakoua wengi zaidi, hakuwezi kuzuiwa kwa kutishia leseni ya mtu ambaye hakuvunja kanuni yoyote. Huko muuzaji anahitajika kama mshirika, apewe mafunzo, siku za kusubiri, na kinga ya kisheria anapokataa kuuza au anapokubali kuhifadhi bunduki ya mtu mwenye msongo.

Anayetaka adhabu tu atawapoteza akina Demicco. Anayetaka ushirikiano tu atawaacha wale wachache waendelee kumwaga.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, mambo mawili ya kujua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua bunduki, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Kwa hiyo ndugu, rafiki au mchumba akikuomba umnunulie kwa jina lako kwa sababu makaratasi yake hayajakamilika, kataa: tangu 2022 kumnunulia aliyekatazwa ni kosa la serikali kuu lenye kifungo cha hadi miaka 15, na hadi 25 kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba bunduki ile itatumika katika uhalifu mkubwa. Na kama aliye nyumbani mwako amekata tamaa na ndani kuna silaha, itoe humo leo, kisha piga simu namba 988, inayopokelewa usiku na mchana.